Sakafu Ilioza Juu ya Nini?

Ilikuwa siku ya tano jioni, mwezi wa kwanza 2023, katikati ya mvua. Mama wa nyumba yangu alitoka jikoni na sufuria ya bukari mikononi. Akapita saluni kama vile anapita kila siku. Alipofika karibu na dirisha la upande wa robine, mbao ikafunguka chini ya muguu wake wa kuume, na muguu ukaingia mupaka kwenye goti. Sufuria ikaanguka. Mutoto wetu wa mwisho alikuwa amekaa hapo chini na daftari lake. Bukari ya moto ikamurukia kwenye mukono. Tulikimbia naye kwenye maji, tukamwaga maji baridi juu ya mukono ule kwa dakika nyingi, na leo amebaki na alama ndogo tu. Mama alikaa juma mbili bila kutembea vizuri.

Kitu kile kilinishangaza ni kelele. Mbao nzima ikivunjika inalia kama bunduki. Hii haikulia. Ilifanya tu "pfu", kama mukate uliolala ndani ya chai.

Nyumba ile tunakaa ni ya paruasi, hapa Likasi. Ilijengwa wakati muji uliitwa bado Jadotville, jina lile lilitoka katika mwaka 1966. Vijana wengi wa cité hawajaona sakafu ya namna yetu. Nyumba za leo, na nyumba nyingi za kambi za wafanyakazi, zina pavema ya simenti juu ya udongo, basi. Lakini gari la moshi lilipofika Elisabethville kutoka kusini katika mwaka 1910, mabati na mbao zilizokatwa tayari zilianza kufika nalo, na kuko nyumba za zamani ambazo ziliinuliwa juu ya nguzo fupi za matofali. Juu ya nguzo wanalaza boriti, zile maseremala wanaita madriye. Juu ya boriti wanapigilia mbao. Chini kunabaki nafasi tupu ambamo mutu anaweza kutambaa. Walitaka nyumba ikae mbali na unyevu wa udongo na hewa ipite chini. Walimuogopa pia muchwa. Katika nchi yetu, pahali vichuguu vinapita urefu wa nyumba, walikuwa na haki ya kuogopa. Juu ya nguzo zingine walitia kipande cha bati chenye mukingo uliokunjwa kuelekea chini, kusudi muchwa akitaka kupanda lazima azunguke bati kwa nje, pahali macho ya mutu yanamuona.

Kesho yake habari ilizunguka paruasi yote. Wamoja walisema nyumba imezeeka, imechoka. Wengine walisema mambo mengine, juu ya pasteri yule alikaa humo mbele yangu, na hayo siyaandiki hapa.

Komite ilikutana siku ya mungu kisha ibada. Baba wa hazina alikuwa na shauri lake tayari:

— Pasteri, hizi mbao ni za wazungu wa zamani. Tuzitoshe zote, tujaze mawe, tumwange beto juu, tumalize maneno.

Watu wengi waliitika. Miye pia nilikuwa karibu kuitika. Lakini mama mumoja, muzee wa kanisa, ambaye hasemi mara nyingi, aliuliza: "Na juu ya nini imeoza pale tu? Mbona chumba cha watoto hakikuoza?" Hakuna mutu aliyejibu. Akatuambia kuko muzee mumoja jirani yake, alifanya kazi ya kutia miti chini ya udongo kule Kipushi mupaka mugodi ule uliposimama katika mwaka 1993, na kisha akawa seremala. Tumuite yeye kwanza.

Nyundo, turnevisi na torshi

Muzee alifika siku ya pili asubuhi. Nilifikiri atakuja na kisanduku cha vyombo. Alikuwa na nyundo ndogo, turnevisi ya zamani, na torshi. Hakuangalia hata tundu lile mama aliangukia. Alianza kwenye mulango, pahali sakafu ilikuwa nzuri, akapiga nyundo polepole: to, to, to. Akaendelea kuelekea dirisha. Kwenye mita tatu sauti ikageuka: tu, tu. "Hapa njo mupaka," akasema, akatia alama ya chaki. Aliniambia katika mugodi walifanya vilevile kila asubuhi: kupiga muti na kusikiliza, mbele ya kupita chini yake. "Muti iko nasema, Pasteri. Kama hausikie, utakufa."

Kisha alichokoa na turnevisi. Sikieni jambo hili, kwa sababu kila mutu anaweza kulifanya nyumbani kwake, hata kwenye mulango, dirisha au miti ya mabati. Ingiza ncha ya turnevisi pembeni ya mbao na uinue kidogo. Mbao nzima inatoa kijiti kirefu, chenye nyuzi, na inakataa. Mbao iliyooza inakatika fupi, bila nguvu, kama biskuti. Unaweza kukuta rangi ya juu ni nzuri, inang'aa, mama ameipiga sera kila siku ya sita, na turnevisi inazama mupaka kwenye mukono wake.

Tukafungua mbao mbili na kuingia chini. Ndugu wasomaji, nilikaa miaka saba juu ya pahali pale bila kupaona. Harufu ilikuwa ya uyoga. Udongo ulikuwa mweusi na wenye kushikamana. Muzee alimulika vichwa vya boriti, pahali vinaingia ndani ya ukuta wa upande wa robine. Vinne vilikuwa vimekuwa rangi ya kahawa iliyoungua, vimepasuka vipande-vipande vya pembe nne kama makala. Alikitia kidole kimoja na kidole kikaingia. Boriti zingine sita za chumba kile zilikuwa nzima kabisa, na upande wa pili wa boriti hizo nne pia ulikuwa muzima. Muti uleule, miaka ileile.

Akazimisha torshi. Tukakaa katika giza.

— Pasteri, unaona mwangaza?

— Hapana, baba.

— Nyumba kama hii iko na matundu chini ya ukuta, upande huu na upande ule, hewa ipite. Nani alifunga matundu?

Sikujibu upesi. Katika mwaka 2016, tulipofika katika nyumba hii, watoto waliona nyoka akiingia katika tundu moja la ukuta. Nilichukua matofali na simenti siku ileile. Matundu yalikuwa nane; nilifunga sita. Watu wa paruasi walinisifu kwamba pasteri wetu anajua kushika mwiko. Kisha mama alitaka pahali pa kufulia nguo, nikamumwagia beto ndogo kwenye ukuta, chini ya robine, na beto ile inainama kuelekea nyumba. Na maua tuliyapanda kwa kurundika udongo kwenye ukuta, udongo ukapita juu ya matundu mawili yaliyobaki. Robine yenyewe ilikuwa ikitona, to-to-to, muchana na usiku, labda mwaka muzima. Tuliweka ndoo chini yake na kusema tutaitengeneza.

— Miye njo nilifunga, nikasema.

Muzee hakucheka. Alisema tu: "Basi dawa iko karibu."

Kitu kile kinakula mbao

Inafaa tutofautishe wezi watatu, kwa sababu watu wanawachanganya na kununua dawa isiyofaa.

Wa kwanza ni uozo, njo ule wa kwetu. Uozo si uzee. Ni kimea cha aina ya uyoga, kinakula ndani ya mbao, nacho hakiwezi kuishi bila maji. Wenye elimu ya mbao wanapima hivi: kama maji ndani ya mbao hayafiki karibu sehemu 20 kwa 100 za uzito wa mbao kavu, uozo hauanzi, na ule ulioanza unasimama. Njo maana kuko mbao katika dunia zenye miaka mia na mia, bado nzima: zilikaa kavu. Vichwa vya boriti vinaoza mbele ya vingine kwa sababu vinalala ndani ya ukuta, na ukuta wa matofali unakunywa maji kama sukari, na kichwa cha muti kinakunywa kuliko ubavu wake.

Wa pili ni muchwa. Huyu anajenga njia ya udongo, nyembamba kama kalamu, kutoka chini kwenda juu. Anakula ndani na kuacha ngozi ya nje, na ukivunja unakuta udongo ndani ya mbao. Yeye anapenda unyevu pia, na anapenda sana vipande vya mbao ambavyo mafundi wanaacha chini ya nyumba. Sisi tulitoa vipande vya karibu magunia matatu, vya wajenzi wale wa kwanza! Katikati yao nilikuta pesa ya faranga 2 ya Congo ya Wabelgiji, ya mwaka 1943, ile yenye pembe sita na sura ya tembo. Watoto wanaitunza.

Wa tatu ni mududu wa unga. Matundu madogo kama kichwa cha sindano, na unga mweupe chini yake. Mara nyingi anakula tu sehemu nyeupe ya muti, ile ya karibu na ganda. Ukinunua mbao, angalia sehemu hiyo.

Sasa juu ya beto. Nilirudi kwa komite na nikawaeleza, nikianzia na matundu. Kusema mbele ya watu kumi na wawili kwamba hasara ya paruasi ilitoka mukononi mwangu haikuwa rahisi, nayo siifichi. Baba wa hazina aliangalia chini, nafikiri alinionea haya. Kisha tulihesabu pamoja. Chumba kina mita 5 kwa 4, na nafasi ya chini ina sentimita 60: ni meta kibiki 12 za mawe na udongo. Borweti moja inabeba karibu litre 60, basi ni safari 200, mbele ya kufungua hata gunia moja la simenti. Na jambo lile muzee aliliogopa zaidi: ukijaza chumba kimoja, unaziba hewa ya vyumba vingine, na unyevu wa udongo unapanda ndani ya kuta. Baada ya miaka michache chumba cha watoto kingefuata. Mahali pengine beto ni shauri zuri, kama nyumba yote inafanywa pamoja na maji yamezuiwa. Kwetu ingekuwa kumufunika mugonjwa blanketi na kusema amepona.

Kazi yenyewe

Hatukununua mbao kwanza. Tulitengeneza robine, ilikuwa kazi ya kipande kidogo cha mupira. Tulivunja beto ya kufulia na kuimwaga upya, ikiinama kuelekea nje. Tulishusha udongo wa maua mupaka chini ya matundu, tukafungua matundu yote nane, na kuyatia grilaji ya chuma yenye macho madogo kuliko kidole cha mutoto. Nyoka na panya hawapiti, hewa inapita. Ningefanya hivyo katika 2016, kazi ingekuwa imekwisha.

Kisha tuliegemeza boriti zile nne kwa miti na vipande vya matofali, tukaweka meza juu ya tundu, na tukangojea mvua ikwishe. Kungojea kulikuwa kugumu kuliko kazi. Lakini kutia mbao mupya katika ukuta wenye maji ni kuulisha uozo tena. Kuanzia mwezi wa 5 upepo wa kipwa ulipita chini ya nyumba, na katika mwezi wa 7 udongo ulikuwa unapeperuka kama unga.

Wakati huo nilifanya kosa la pili. Nilitaka kuokoa pesa ya paruasi, nikanunua sokoni madriye za kaliptusi, zilizokatwa juzi, bado nzito kwa maji. Nilizilaza juani. Juma tatu kisha zilikuwa zimejikunja kama mukia wa nguruwe, na kupasuka kwenye vichwa. Tulizifanya kuni. Muzee alitutafutia mulombwa, mbao ya zamani iliyotoka kwenye paa la gala. Mulombwa haujikunji sana ukikauka, na katikati yake, ile nyekundu, muchwa hapendi. Watu walituletea pia mukula, ile miti iliyokatwa sana Haut-Katanga na kupelekwa China katika miaka ya 2010, mupaka mataifa yaliuweka katika 2019 kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya inchi kwa inchi inachungwa. Tulikataa, hatukujua karatasi zake.

Mutu mwingine alitupatia bure traverse za mbao za gari la moshi. Muzee aliwarudisha. Zile zimenyweshwa karbonili, na karbonili ndani ya nyumba ya watoto ni sumu ya kila siku, kwa ngozi na kwa kifua. Vilevile mafuta ya zamani ya motere, ambayo wengi wanapaka: hayaingii ndani ya muti, yananuka, na yanashika moto. Na dawa za muchwa katika chupa bila maandishi, muache kabisa. Aldrine na dieldrine, ambazo wazee walizitumia, zilitiwa katika mapatano ya mataifa ya Stockholm ya 2001 kati ya sumu za kuondolewa duniani. Kama unapata chumvi ya bore, ile inayeyuka katika maji na kupakwa na burushi, hiyo inatosha kwa mbao kavu ya ndani, lakini mbao ikirudi kulowa maji inaitoa.

Kazi ya mbao ilichukua siku nne. Mbao za sakafu zinaingiliana kwa ulimi. Ukivuta ya kwanza kwa nguvu unavunja tatu. Muzee alikata ulimi wake kwa musumeno kwanza, na zingine zikatoka nzima. Mbao 11 hazikufaa, zilizobaki tulizirudisha.

Kila boriti ilikuwa imeoza karibu sentimita 30. Nilifikiri tutakata 30. Muzee alikata 90. "Uozo uko na watoto wanatembea mbele yake, hauwaoni," akasema, na alitaka kupita sentimita 60 ndani ya muti muzima. Kabla ya kukata, boriti iliinuliwa kidogo na krike ya gari, ikisimama juu ya ubao mupana kusudi isizame. Kisha kipande cha mulombwa cha mita 1 na sentimita 80 kililazwa ubavuni: nusu inafuata boriti ya zamani, nusu inakwenda kwenye ukuta. Buloni nne za milimita 12 kwa kila kiungo, na rondele pana, hazikupangwa katika mustari mumoja kusudi muti usipasuke. Misumari tu haifai hapo. Na kwa kuwa udongo uko karibu, alijenga nguzo fupi ya matofali chini ya kila kiungo, kipande cha bati juu yake.

Ndani ya ukuta alisafisha tundu, akatandika karatasi ya gudron, na kichwa cha boriti kikalala juu yake. Mufunzi wake alitaka kujaza simenti pande zote, ionekane safi. Muzee alimupiga kofi dogo la mukono: nafasi ya kidole kimoja ibaki kushoto, kuume na mbele. Kichwa cha muti kinapaswa kupumua.

Mama alikataa kupita pale kwa siku nyingi. Alizunguka na ukuta, na chakula mikononi. Siku moja muzee mwenyewe alifika, akasimama katikati ya chumba na kuruka, yeye na miaka yake, mara tatu. Vikombe vililia ndani ya kabati. Mama akacheka, akapita.

Ubao mumoja hatukuupigilia. Umefungwa na visi mbili tu, karibu na dirisha. Kila mwezi wa 10, mbele ya mvua kuanza, ninaufungua na kushuka na torshi. Ninaizimisha kwanza. Kama ninaona nukta nane za mwangaza, ninaiwasha tena na kupita nguzo kwa nguzo. Katika 2024 nilikuta njia moja ya muchwa kwenye nguzo ya tatu, nyembamba, bado imelowa. Niliivunja. Siku tatu kisha ilikuwa imejengwa tena, na nikamwita muzee.